Tunafunga Kwanza, Ndipo Tunapika

Wiki tatu zilizopita nilirudisha funguo za chumba cha baridi, na vijana wa laiterie, kiwanda chetu cha maziwa, wakaniomba niwaachie maandishi machache kuhusu kazi. Nadhani walitarajia historia ya mashine. Ya vyeo sitaandika, kwa sababu nilipata viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti kilichovunjika mguu. Nitaandika juu ya krimu ya kutia kwenye kahawa, maana ndiyo mliyoniuliza mara nyingi: kwa nini ile ya chupa tunailinda kwa baridi kama mgonjwa, na ile ya kopo tunaipakia kwenye lori la Shabunda, juani, bila wasiwasi. Jibu lake ni fupi. Siku moja mimi nililifanya fupi kupita kiasi, na ndiyo sababu leo nitalieleza lote.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaïre, na sisi sote, pamoja na mlinzi wa geti, tulikuwa tumeanza kuitwa citoyen, yaani raia. Nilikuwa na diploma ya ufundi wa chakula na kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza nilikabidhiwa burashi na kupelekwa kuosha bidoni za wafugaji, zile za aluminiamu wanazoletea maziwa asubuhi. Nilidhani wamekosea mtu. Aliyenipa burashi aliziangalia zile kalamu, akasema nizitoe mfukoni zisije zikaanguka ndani ya maziwa.

Huyo alikuwa Papa Murhula, mkuu wa chumba cha kupikia makopo. Alikuwa Mshi wa Kabare, mfupi, mwenye alama za kuungua mikononi hadi kwenye viwiko, na hakuwahi kupandisha sauti. Alinifundisha kunusa bidoni kabla ya kuiosha na baada ya kuiosha. Kisha, bidoni ikishakauka, alitia ndani pakiti ndogo ya karatasi yenye chumvi, akafunga kifuniko. Nilimuuliza kama hiyo ni dawa ya vijidudu. Akasema hapana, ni adabu. Kwetu chombo kilicholeta maziwa hakirudi kitupu kwa mwenyewe, na ng'ombe wanapenda chumvi. Directeur wetu, aliyesoma Ulaya, aliona jambo hilo ni ushirikina, lakini kila walipotaka kuliacha wafugaji walianza kuleta maziwa kwa uzembe, na chumvi ikarudishwa.

Baada ya miezi sita alinitoa kwenye burashi akaniingiza kwenye krimu. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kazi ilipo. Maziwa yakishatenganishwa, krimu iligawanywa njia mbili. Ya kwanza tuliipasha moto hadi digrii sabini na kitu kwa muda mfupi, tukaipoza haraka, tukaitia kwenye chupa, tukafunga. Moto huo unaua vijidudu vya magonjwa, lakini hauui kila kitu. Wanaobaki ni wachache, na baridi inawalaza. Toa chupa kwenye frigo, uiache mezani, nao wataamka na kuanza kula. Hiyo ndiyo krimu ya hoteli na ya ofisi za mjini, tamu, nyeupe, na haina subira.

Ya pili ilikwenda kwenye makopo. Hapa Papa Murhula alinisimamisha mbele ya ile mashine ya kukunja vifuniko na kuniuliza ni kipi kinatangulia, kupika au kufunga. Nilijibu kama mtu yeyote aliyelelewa na mama yake: unapika, halafu unafunika. Akatikisa kichwa. Krimu ilimiminwa ndani ya kopo, kopo likafungwa kabisa lisipitishe hata hewa, na baada ya hapo ndipo likaingia kwenye otoklavu, ile sufuria kubwa ya chuma yenye mvuke uliobanwa, hadi zaidi ya digrii mia na kumi na tano. "Tunafunga kwanza, njo tunapika," alisema. Kwa njia hiyo kila kilichomo kinakufa, hata wale vijidudu wanaolala kama mbegu kavu na kuvumilia maji yanayochemka, na hakuna kipya kinachoweza kuingia. Krimu hiyo inakuwa na rangi ya udongo kidogo na ladha ya kupikwa, lakini inakaa kwenye rafu miezi mingi. Siku ukilitoboa kopo, imekuwa sawa na ya chupa: iweke kwenye baridi au uimalize.

Hata hivyo hatukuuza makopo mara moja. Tuliyaweka kwanza kwenye chumba cha joto, majuma mawili, tukiyatesa makusudi. Kila asubuhi Papa Murhula aligonga vifuniko kwa kijiti cha mti mgumu, sikio likiwa chini. Kopo zima lilitoa sauti kavu. Lililoharibika lilikuwa na sauti ya kuvimbiwa, na baada ya siku chache lilivimba kweli. Nilichukua karibu mwaka kusikia tofauti. Yeye alisema kuna wengine huchukua maisha yao yote, na aliniangalia.

Kuhusu ile ya unga inayotoka ng'ambo, ambayo wake zenu wananiuliza, fikirieni sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Mbichi haimalizi siku, kavu inafika Shabunda. Kijidudu bila maji hawezi kufanya kazi. Ukitia maji kwenye unga huo umemrudishia kazi yake, basi unywe siku hiyohiyo.

Sasa nitaeleza jambo la Idjwi. Hapa Bukavu nimelisimulia kwa mke wangu, kwa directeur na kwa Papa Murhula tu, na sasa kwenu.

Katika mwaka wangu wa tano walianza kunituma kwa wateja wa mbali kuwaonyesha namna ya kutunza bidhaa. Mmoja wao alikuwa msimamizi wa shamba la kahawa kisiwani Idjwi, mtu aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa isiyo na frigo. Bateau, ile meli ya Bukavu, ilifika pale mara moja kwa juma, ikashusha mizigo, ikakaa kidogo, ikaendelea na safari hadi kituo cha pili, na kesho yake ikapita kuturudisha. Siku hiyo ya kurudi nilikuwa tayari gatini, mguu mmoja juu ya ubao wa kupandia, mpishi wa ile nyumba alipokuja akinikimbilia.

Aliitwa Maman Nsimire. Alikuwa na umri wangu, mwembamba, ametoka kwenye homa ndefu, na mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Mtoto huyo wa kike aliitwa Riziki. Alikuwa na kope ndefu, na aliutazama moshi wa bateau kana kwamba atalipia tiketi.

"Papa," Maman Nsimire aliniuliza, "ile krimu ya chupa, siku mbili bila frigo inaharibika. Hii ya boîte, ya kopo, inamaliza miezi kwa etajeri. Iko na nini?"

Nilijua jibu lote. Lilitaka dakika tano, labda kumi kwa sababu lazima uanze na kufunga kabla ya kupika, na mpishi yeyote atabisha hapo. Bateau ikapiga honi.

"Ni boîte, maman," nikamwambia. "Boîte njo inaichunga."

Akashukuru. Nilipanda, na nakumbuka niliridhika na nafsi yangu, kwa sababu nilikuwa nimemjibu mama wa watu kwa lugha rahisi.

Miezi miwili baadaye nilirudi na shehena nyingine. Jikoni nikamkuta mwanamke mwingine. Aliniambia Maman Nsimire ameacha kazi, amefiwa na mtoto. Nikauliza ni yupi. Akasema ni yule mdogo, wa mgongoni. Wakati huo macho yangu yalikuwa juu ya rafu karibu na dirisha, na pale niliona makopo yetu sita, yenye karatasi yetu ya buluu, yamekatwa juu na kuoshwa hadi yanang'aa, na kila moja limefunikwa kwa nta ya mshumaa. Nta ya makopo mawili ilikuwa imeinuka katikati kama mkate.

Yule mpishi mpya alinieleza bila kujua anachonieleza. Homa ilikuwa imekausha maziwa ya Nsimire. Ng'ombe wa karibu ambaye angeweza kupewa maziwa yake alikuwa wa kaka yake, ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na kila asubuhi alitakiwa jikoni. Kisha akapata akili, alisema yule mwanamke. Akaokota makopo matupu ya krimu. Alichemsha maziwa vizuri, akayamimina humo, akaziba kwa nta, na hivyo akaenda kwa kaka yake mara moja tu kila siku nne.

Nilitoboa nta ya kopo moja. Sitaandika harufu yake. Nilitoka nje nikakaa juu ya gunia la kahawa. Mwanamke huyo alikuwa amefanya kila kitu kwa usafi na kwa bidii. Alichemsha, ndiyo, lakini alichemsha kwanza akafunga baadaye. Walala-kama-mbegu walivumilia moto wake, hewa na kata vikaongeza wengine wakati wa kumimina, na nta ikipoa hujikunja na kuacha njia pembeni. Haya yote yangekuwa katika zile dakika tano. Muuguzi wa dispensaire alisema mtoto aliharisha siku tatu, na kwamba kwa maoni yake ni maziwa. Kwenye cheti hakukuandikwa chochote zaidi. Mimi sikuhitaji cheti.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo bado lilikuwa linaendelea. Familia ya mume wake ilikuwa inasema Nsimire amemuua mtoto kwa uvivu. Mama mkwe alisema hadharani kwamba mwanamke aliyechoka kutembea kwa ajili ya mtoto wake hastahili kupewa mwingine, na walikuwa wanazungumza kumrudisha kwao. Yeye alijitetea kwamba mtu wa laiterie ndiye aliyemwambia kopo linachunga maziwa. Hakuna aliyemwamini. Mtu wa laiterie, mwenye diploma, angesemaje upuuzi kama huo?

Nilirudi Bukavu bila kumwona. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliogopa, nikapanda bateau.

Directeur alinisikiliza, akafunga mlango. Alisema amesikitika, lakini hakuna mtu aliyetuandikia barua ya kutulaumu, na nikienda kusema kosa ni letu, jina la krimu yetu litakwisha kutoka Minova hadi Sange. Alinishauri nipumzike siku mbili. Papa Murhula nilimkuta kwenye chumba cha joto na kijiti chake. Aliendelea kugonga nilipokuwa nasimulia, kisha akaacha.

"Ulimwambia kama tunafunga kwanza?"

"Hapana."

Hakunipa pole. Aliingia kwenye chumba cha kuoshea, akarudi na bidoni ndogo, ile ya lita tano yenye namba kumi na saba shingoni, iliyokuwa tupu na kavu, akatia pakiti ya chumvi ndani. Akasema nirudi Idjwi, na huko nitahitaji maziwa ya kuonyeshea, na hiyo ndiyo ya kuyachotea. Juu yake akaweka kopo moja zima kutoka kwenye rafu. Nilimwuliza nitamwambia nini directeur. Akasema atamwambia mwenyewe kwamba ameniruhusu, na wakitaka kufukuza waanze na yeye, maana amekaribia kuchoka.

Nilikaa Idjwi juma zima. Nyumba ya wakwe ilikuwa juu ya migomba, na walinikaribisha kwa sababu nilikuja nimevaa abacost, ile suti ya wakubwa wa wakati huo, wakidhani ni mtu wa serikali. Mume alikuwepo, mama mkwe, wazee wawili, na Maman Nsimire mlangoni, amenyolewa nywele. Nilisema jina langu na kazi yangu. Nikasema huyu mama aliniuliza swali nami nikampa jibu la nusu, na jibu hilo la nusu ndilo alilolifuata. Kama kuna mvivu, nikasema, ni mimi niliyechoka kusema maneno kumi zaidi.

Mama mkwe hakukubali. Alisema huenda Nsimire amenilipa kuja. Mzee mmoja akasema kuchemsha ni kuchemsha, na wazazi wetu wote wamekunywa maziwa yaliyochemshwa. Ndipo Nsimire aliposema kwa mara ya kwanza, akimwambia mumewe wala si mimi, kwamba nionyeshe.

Basi tukaonyesha. Mume mwenyewe alibeba ile bidoni hadi kwa shemeji yake. Maziwa yakaja, Nsimire akayachemsha kwa namna yake ileile mbele ya wote, akayamimina kwenye kopo lililooshwa, akaziba kwa nta. Sikupenda kumwona akifanya hivyo, lakini hakutaka mtu mwingine afanye. Tuliliweka kopo hilo kwenye kizingiti cha dirisha, na pembeni yake kopo letu zima. Nililala dispensaire siku nne. Kila asubuhi nilikwenda kukaa pale uani, na siku ya tatu mama mkwe aliniletea kiti.

Siku ya nne tulifungua yote mawili. Lile la nta, mzee aliyesema kuchemsha ni kuchemsha alilinusa akageuza uso. Letu lilikuwa zima. Ndipo nikaeleza kila kitu, polepole, tangu kufunga kwanza hadi kupika, nikachora otoklavu kwenye vumbi kwa kijiti, nikarudia mara tatu. Nikasema hakuna mama nyumbani anayeweza kujua hilo asipoambiwa, na diploma yangu yenyewe haikunijulisha, niliambiwa na Papa Murhula. Mama mkwe alisimama akaingia ndani. Nikadhani amekasirika. Alirudi na kitenge, akamfunika Nsimire mabega, akakaa karibu naye. Habari ya kumrudisha kwao sikuisikia tena.

Nsimire alinisindikiza hadi kwenye njia. Pale njia inapoanza kuteremka gatini alisimama.

"Ile siku, juu ya nini haukuniambia byote?"

"Bateau ilikuwa inaita, maman."

Alitazama ziwa kidogo.

"Bateau inarudiaka, papa," akasema. "Kila juma inarudiaka."

Akageuka kupanda. Hakuna adhabu niliyopewa kazini, na niliyopewa pale njiani nimekaa nayo tangu siku hiyo. Ninyi mliolalamika kwamba maelezo yangu ni marefu, na kwamba mara mbili nimelala gatini kwa sababu niliiacha bateau iende nikiwa namjibu mtu, sasa mnajua.

Bidoni nilikuwa nimeisahau kwao, na Papa Murhula hakuiulizia. Baada ya miezi mitatu baharia aliileta laiterie. Nilifungua kifuniko kwa hofu. Ilikuwa imejaa maharage. Nilipomwonyesha Papa Murhula alikohoa, akasema niioshe vizuri, akanipa chumvi nyingine. Tangu hapo nimeituma kila mwaka baada ya mavuno, nayo imerudi kila mwaka: maharage, kahawa ya kukaangwa, maparachichi, mara moja mayai yaliyofunikwa na pumba, na hakuna lililopasuka. Papa Murhula alifariki, mashine ya kukunja vifuniko ikabadilishwa mara mbili, nami nikaanza kugonga makopo kwa kijiti chake. Bidoni ilirudi na kila kitu isipokuwa maziwa. Sikuhitaji kuelezwa sababu.

Siku niliyorudisha funguo, mlinzi wa geti aliniita. Namba kumi na saba ilikuwa imefika, nzito kuliko kawaida. Baharia, ambaye sasa ni mtoto wa yule wa kwanza, alikuwa na salamu alizozikariri njiani: Maman Nsimire anasema binti yake amezaa mtoto wa kike, na nyumba yao imeanza tena kunywa maziwa.

Niliibeba hadi nyumbani mwenyewe. Ndani kulikuwa na mashanza, maziwa yaliyoganda kwa uchachu wake, mazito na meupe. Haya nayo hayaombi frigo upesi, kwa sababu uchachu unawazuia waharibifu, na mabibi zetu walilijua hilo kabla ya otoklavu. Mke wangu alileta vikombe viwili.

Miaka yote ya kazi sikuwahi kunywa maziwa ya mtu bila kuuliza yamekaa siku ngapi. Ndiyo desturi yangu, na imewaudhi wengi. Siku hiyo sikuuliza.